Ufunguo Kabla ya Hodi

Niseme mapema kabisa: mimi si mwoga. Mwanamke anayeshinda akifungua milango ya watu waliofungiwa nje, akiitwa na walevi, na wanandoa waliogombana, na mabosi walioacha ufunguo ndani ya gari, akiwa mwoga atakula wapi? Lakini asubuhi ile nilipoitazama biashara yangu kwenye ramani ya mtandaoni, nilijikuta nimekaa kwenye kigoda. Chini ya jina la duka letu, Hodi Kwanza, chini ya picha ya kibao chetu kizuri, paliandikwa kwa herufi nyekundu: Biashara hii imefungwa kabisa.

"Wifi," nikaita, "hebu njoo uone. Tumekufa."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayekaa mbele na kupokea wateja. Akaja mdomo umejaa, akachungulia simu. "Haa! Na mbona hatujaalikwa mazishini?"

Nikacheka, kicheko cha meno tu. Sasa nilielewa kwa nini simu ya duka ilikuwa imenyamaza vile. Siku hizi mtu akifungiwa nje hamuulizi jirani, anaiuliza ramani, na ramani ikisema fundi wa kufuli kafunga duka, basi kafunga. Nani kaiambia hivyo, Mungu ndiye ajuaye.

Duka lile aliliacha baba. Jina alilitoa yeye, na si la mapambo. Baba alikuwa akisema fundi wa kufuli ni wa kuogopwa kuliko mwizi, maana mwizi huvunja, yeye hufungua tu. Kwa hiyo alijiwekea sheria: kabla ufunguo haujagusa tundu, bisha, sema hodi, rudi nyuma hatua moja, subiri. Hata kama nyumba ni tupu. Hata kama mwenye nyumba amesimama pembeni yako anaapa hakuna mtu ndani. Wateja walikuwa wakimcheka. "Sasa mzee, unambishia nani na mwenye nyumba ni mimi?" Naye anajibu, "Naibishia nyumba." Nilipoanza kazi nilipigwa kofi la kisogoni kwa kusahau hodi, na mlango wenyewe ulikuwa wa banda la kuku.

Kitu kingine alichoacha ni ubao wa funguo. Uko ukutani nyuma ya mashine ya kuchonga. Hapo zinaning'inia funguo za akiba za watu wanaoishi peke yao, wengi wao wazee, ili siku mtu akianguka bafuni awepo wa kuingia. Baba hakuwa ameandika chochote kwenye ubao ule. Kila ufunguo aliujua kwa kichwa. Alipofariki akaondoka na kichwa chake, nasi tukazunguka mlango kwa mlango tukijaribu funguo kama wendawazimu. Tulipomaliza, mimi na wifi tukabandika vikaratasi: nyumba fulani, mtaa fulani. Tukajiona tuna akili kweli.

Ufunguo wa kwanza kabisa, kwenye msumari wa juu, ulikuwa wa shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea tangu mama aliponiacha mdogo. Macho yake yamebaki ya kuona mwanga na kivuli, basi. Anaishi peke yake kwenye nyumba yenye ngazi fupi mbele na mlango wa jikoni nyuma, na ukimwambia ahamie kwako anakukata kauli: "Nije niwe mgeni? Siku ya tatu unipe jembe?" Nilimnunulia simu ya kuongea nayo, asihangaike kutafuta namba. Nikamfundisha: "Ukinitaka mimi, sema piga mwanangu. Ukitaka dukani, sema piga Hodi Kwanza, itatafuta yenyewe." Aliifurahia, akawa anaiamrisha kama mfanyakazi wake.

Kitasa chake kilikuwa kimeanza kukwama. Kila jioni ananiuliza utakuja lini, na kila jioni namjibu kesho. Kinyozi hajinyoi, si ndivyo wanavyosema? Milango ya mji mzima nafungua, mlango wa shangazi yangu kesho.

Basi nikaanza kutafuta msaada wa ile ramani. Jamani, kama hujawahi kutafuta msaada mtandaoni, kaa hivyo hivyo na amani yako. Unabonyeza Pata Msaada, inakuuliza tatizo lako ni lipi. Unalitaja, inakupa ukurasa wa kusoma. Unausoma, inakuuliza je, jibu hili limekusaidia? Unabonyeza Hapana. Inakuambia asante kwa maoni yako. Halafu inakurudisha pale pale ulipoanzia. Nilizunguka humo mpaka nikaitukana simu tusi ambalo wifi alilazimika kutoka nje kwanza ndipo acheke. Hapana mtu. Mji mzima uko humo ndani, kila kichochoro na kila kibanda, na hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia shida yako.

Mwisho nikakuta mahali ambapo wenye biashara hulalamika hadharani. Nikalalamika. Nikaweka jina la duka, nikaweka na namba yangu ya simu, ili yeyote mwenye huruma anipigie.

Kesho yake akapiga.

"Samahani sana kwa usumbufu uliokupata, mama," ilisema sauti ya mwanaume. Sauti laini, ya mtu aliyelelewa. "Napiga kutoka kitengo cha msaada kwa wenye biashara. Tumeona malalamiko yako ya Hodi Kwanza." Akanieleza tatizo langu vizuri kuliko nilivyoweza mwenyewe. Akanipa pole. Nusura nilie, wallahi. Baada ya kuongea na mashine muda wote ule, mtu akikuita mama tu unalainika.

Alisema nahitaji kuthibitisha kwamba duka lipo. Nimpigie simu ya video, huku nikiirekodi kwa ajili ya wakaguzi: kibao cha nje, mimi nikifungua mlango kwa ufunguo wangu, na vifaa vya kazi. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma kwenye ule ukurasa wao wa msaada, video inatakiwa kweli, kwa hiyo sikushtuka. Akaniomba nimsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu, nikamsomea. Kisha akabaki hewani akiniongoza.

"Vizuri mama. Hiyo ndiyo mashine? Safi. Na funguo zenyewe?"

"Hizi hapa ubaoni."

"Taratibu, mama, usikimbize. Wakaguzi wetu wasipoona funguo kwa karibu watasema ni duka la picha. Hizo zilizogeuka ubavu, zilaze vizuri."

Nikazilaza. Kwa mkono wangu huu nikazilaza moja moja, nikawasha taa ya mashine ili meno yaonekane. Wifi akasema, "Zimepodolewa kama bibi harusi." Nikamwambia anyamaze, tunarekodi.

Kabla ya jioni duka likafufuka. Yale maandishi mekundu yakatoka, pakaandikwa kwamba tuko wazi. Nikamwombea yule mtu kwa Mungu, nikasema kumbe bado kuna watu.

Siku iliyofuata, mchana, nikiwa nachonga ufunguo, mama mwenye duka la dawa la jirani akaingia amenuna. "Wewe, umeajiri mwanaume? Nimepiga simu yako mje mnifungulie kabati, kanijibu atakuja, kaniuliza nakaa wapi na nani. Sikumpenda. Nimeamua nije mwenyewe."

"Umepiga namba gani?"

Akanionyesha. Jina ni letu, picha ya kibao ni yetu, sura yangu ile pale nimeshika bisibisi. Namba ya simu si yetu.

Nikachukua simu ya wifi, maana yangu angeitambua, nikaipiga ile namba. Ikaita mara moja tu.

"Hodi Kwanza, karibu," ikasema sauti laini, ya mtu aliyelelewa. "Nikusaidie nini, mama?"

Nikakata. Wifi akanipokonya simu. "Ni yeye," nikamwambia. "Yule wa msaada. Ni yeye yule."

"Basi ni tapeli," wifi akasema. "Anataka wateja wetu. Tumshtaki, tubadilishe namba, yaishe."

"Tapeli wa namba angetosheka na zile tarakimu. Video alikuwa anaitakia nini?"

Tukatazamana. Halafu wote wawili, pamoja na mama wa duka la dawa ambaye hata hakujua tunaogopa nini, tukageuka kuangalia ubao.

Nikaifungua ile video. Nikaipeleka mbele hadi kwenye funguo, nikaisimamisha. Ufunguo wa shangazi ulikuwa umelala chali, umejaa kwenye kioo, kila jino linahesabika, na chini yake kikaratasi kimenyooka, chenye nyumba na mtaa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Picha ya ufunguo ni ufunguo. Hilo nimemfundisha wifi tangu siku ya kwanza: usiruhusu mteja apigie picha ubao, mtu mwenye tupa na jicho zuri anachonga kutoka kwenye picha. Mimi ndiye niliyemfundisha. Na mimi ndiye niliyewasha taa.

Nikampigia shangazi. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Wakati inaita nikaona alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti tangu asubuhi, nami sikuusikiliza, kwa sababu jumbe za shangazi ni ndefu na huanza na salamu za watu wote hadi paka. Nikaubonyeza.

"Mwanangu, umeamkaje. Nimechoka na kesho zako. Nimeiambia simu ipige dukani, na kijana wenu mpya amepokea. Ana adabu kuliko wewe. Kaniuliza nakaa na nani, nikamwambia nakaa na Mungu wangu. Kasema atakuja baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo usijisumbue, endelea na kesho yako."

Mama wa duka la dawa akasema, "Yesu wangu."

Chakula cha mchana kilikuwa kimeshaliwa mji mzima. Nikaung'oa ufunguo wa shangazi kwenye msumari, nikabeba mkoba wa vifaa. Wifi nikamwambia ashushe funguo zote, awapigie wenyewe mmoja mmoja, asimkose hata mmoja, waweke komeo, wasimfungulie mtu, na mama wa duka la dawa aende polisi. Wifi alikuwa analia tayari. "Na vile vikaratasi nilivikata mimi," akawa anasema. Sikuwa na muda wa kumbembeleza.

Nilipanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa nampigia, na njia nzima inaita tu. Nilimwona shangazi kichwani mwangu amekaa kwenye kiti chake, amevaa gauni la wageni, amemwekea fundi kijana chai, maana ndivyo alivyo. Nilimwona akiuliza, sukari kiasi gani, baba? Dereva akaniambia nisimkabe shingo. Sikujua kama nilikuwa namkaba.

Nilishuka kabla ya kufika mlangoni kwake, nikamwambia dereva aondoke polepole. Mtaa ulikuwa kama kawaida. Jua kali, nguo kwenye kamba, redio inaongea nyumba ya pili. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Nilitaka kuona watu wamejaa, mtu anapiga kelele, chochote. Hapakuwa na kitu. Mwanamke mmoja akanisalimia akapita zake.

Geti dogo lilikuwa wazi. Shangazi haachi geti wazi hata siku moja, kwa sababu ya mbuzi wa jirani.

Nikapanda zile ngazi kwa vidole. Nikainama kwenye kitasa, na hapo nikaona kitu ambacho mtu mwingine asingekiona. Mdomoni mwa tundu palikuwa na vumbi la shaba, jipya, linang'aa. Ufunguo uliochongwa haraka bila kulainishwa kwa tupa hudondosha vumbi kama lile mara ya kwanza unapoingizwa. Nikaligusa, likabaki kwenye kidole changu.

Ameingia, nikajiambia. Yumo.

Sikuita. Naomba hili lieleweke, maana nimelirudia kichwani mara nyingi. Sikuita kwa sababu niliogopa nikiita atamfanya kitu. Niliona afadhali nimkute. Nikatoa nyundo mkobani nikaishika kwa kulia, na kwa kushoto, taratibu sana, bila sauti, nikauingiza ufunguo.

Ukazunguka bure. Kitasa kilikuwa kimeshafunguliwa. Nikasukuma mlango, haukwenda. Nikasukuma kwa bega, ukagoma juu, kwenye komeo.

Komeo la ndani baba alilipachika mwenyewe, kwa ajili ya usiku. Mchana shangazi hafungi komeo. Anasema mchana mlango ni wa watu. Kwa hiyo kitasa kimefunguliwa kwa ufunguo, na komeo limefungwa kwa ndani, mchana kweupe. Nilipolijumlisha hilo, jibu lilikuwa moja tu: ameingia, akajifungia naye.

Akili yote ikaniruka. Nikaweka nyundo chini, nikachukua mtaimbo mdogo, nikauchomeka kwenye upenyo wa mlango juu pale komeo lilipo, nikasukuma kwa uzito wangu wote. Mbao ikalia. Nikavuta, nikachomeka tena. Kipande cha rangi kikanirukia jichoni.

Ndipo nikasikia sauti. Haikutoka mbali ndani ya nyumba. Ilikuwa chini, karibu kabisa na miguu yangu, upande wa pili wa ubao ule ule. Sauti ndogo, ya mtu aliyekaa sakafuni na kuuegemea mlango kwa mgongo.

"Chukua unachotaka, mwanangu," ikasema. "Kila kitu chukua. Ila usiniue."

Mtaimbo ukanianguka.

Jina hilo, mwanangu, ameniita maisha yangu yote. Ameniita nikiwa na homa, ameniita nikiolewa. Sasa alikuwa analiita kuomba uhai wake, na aliyekuwa anavunja mlango wake ni mimi.

"Shangazi!" nikasema. "Shangazi, ni mimi. Usiogope, ni mimi."

Nikamsikia anahema.

"Shangazi, fungua. Yuko humo?"

"Uko na nani?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Amekuwekea kisu? Kama amekuwekea kisu, kohoa."

"Hapana, shangazi, wallahi niko peke yangu. Hakuna mtu. Fungua, ni mimi."

Nikasikia mgongo wake ukizidi kuukandamiza mlango. Halafu akasema, na sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba, "Kama ni wewe, na uko peke yako, mbona hukubisha?"

Niliutazama mtaimbo pale ulipoanguka.

"Yule naye alisema anatoka Hodi Kwanza," akaendelea, kana kwamba anaongea na mlango, si na mimi. "Nilikuwa namngoja. Nimesikia geti, nimesikia ngazi, nikasimama hapa kumpokea. Mara nasikia ufunguo tunduni. Hakusema hodi. Ufunguo moja kwa moja. Nikajua huyu, ndugu yangu hakumfundisha, wala aliyefundishwa na ndugu yangu hakumfundisha. Nikasukuma komeo. Alipoona mlango haufunguki ndipo akasema hodi, huku anacheka. Kazunguka jikoni, kautikisa mlango wa kule, karudi. Kakaa hapo ulipo wewe. Sikumsikia akiondoka. Macho yangu unayajua. Simu inalia huko chumbani siwezi kuifuata, nikiondoka hapa komeo litang'oka. Halafu nasikia ufunguo tena. Bila hodi."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, kama mtoto, na watu wa nyumba ya pili walikuwa wameshazima redio wanatazama. Hakuna mtu ndani. Hakuwahi kuingia. Komeo lilifungwa na shangazi mwenyewe, na kilichomwokoa ni neno moja la baba, na neno hilo mimi nililikanyaga. Sikuweza kumwambia nilinyamaza kwa ajili yake. Ingesaidia nini?

Nikainuka. Nikauchomoa ufunguo tunduni. Nikashuka ngazi zote, nikatoka hadi nje, nikafunga geti. Nikasimama barabarani kwa muda nikajifuta uso. Kisha nikalifungua geti kwa kelele, nikapanda ngazi kwa kukanyaga, nikabisha kwa kidole alivyobisha baba, nikarudi nyuma hatua moja.

"Hodi."

Nikasubiri.

"Hodi, wenyewe."

Jirani mmoja alikuwa ameshafika getini. Nikamwonyesha kwa mkono abaki hapo hapo.

"Hodi, shangazi."

"Nani?"

"Mtoto wa kaka yako."

"Ufunguo wangu uko wapi?"

"Ninao mkononi."

"Upitishe chini ya mlango."

Nikapiga magoti nikausukuma kwenye upenyo wa chini. Nikasikia vidole vyake vinapapasa sakafu, vinaugusa, vinaukusanya. Ikachukua muda. Halafu nikasikia anainuka kwa kushika ukuta, na komeo, taratibu, likarudi nyuma.

"Karibu," akasema.

Alikuwa amevaa gauni la wageni. Kwenye meza ndogo palikuwa na chai iliyopoa na kikombe kimoja kimefunikwa kwa sahani. Nikamkumbatia, naye akaniacha nimkumbatie, mikono yake chini. "Shikamoo shangazi," nikamwambia begani mwake, maana sikujua niseme nini kingine. "Marahaba," akajibu. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, na hakuacha kutetemeka hata nilipomkalisha kitini na jirani akamletea maji.

Majirani walisema walimwona mwanaume mwenye mkoba wa vifaa, amevaa nadhifu, amewasalimia wote, akaondoka bila haraka. Wakadhani ni fundi wangu. Polisi walikuja, wakaandika, wakapiga ile namba ikawa haipatikani. Wifi alipiga simu kusema amewapata wenye funguo wote, hakuna nyumba iliyoguswa, wengine wamemshukuru na wengine wamemtukana, na yote mawili ameyapokea. Yule mtu hajakamatwa mpaka leo. Mtu akiniita mama kwenye simu kwa sauti laini, nakata kabla hajamaliza.

Nikakifungua kitasa cha shangazi nimwekee kipya kutoka mkobani, kazi ile ile niliyokuwa nikimwambia kesho. Nilikuwa nimeshika bisibisi simu yangu ilipolia. Ujumbe kutoka kwenye ile ramani, wenyewe wa kweli safari hii: ombi langu la msaada limepokelewa na kushughulikiwa, na je, nimeridhika na huduma niliyopata? Bonyeza nyota. Nikailaza simu kifudifudi sakafuni, nikaendelea kukaza skrubu.

Kitasa kipya kilikuwa laini. Nikakijaribu, nikakipaka mafuta, nikamshika shangazi mkono nikamwonyesha kinavyozunguka. Kilikuja na funguo mbili. Nikamwekea mmoja kiganjani. Wa pili nikautia kwenye mfuko wa gauni langu la kazi, bila hata kufikiri, kama nilivyofanya miaka yote.

Shangazi haoni, lakini alisikia.

"Na huo," akasema, mkono wake bado umenyooshwa.

"Shangazi, nani atakufungulia ukianguka?"

"Atabisha," akasema. "Nitamfungulia mwenyewe. Nipe."

Nikampa. Akazifunga zote mbili kwenye ncha ya kitambaa chake, fundo juu ya fundo. Akanisindikiza hadi mlangoni akishika ukuta, akaniombea njia njema kama kawaida yake. Nilikuwa bado niko ngazi ya kwanza, jua halijazama, nikasikia komeo likifungwa nyuma yangu.